Betri Si Tangi: Mwongozo Kamili wa Kusoma Maelezo Mepesi ya Kitaalamu Bila Kupotoshwa

Miaka michache iliyopita nilimnunulia mjomba wangu, anayeishi kijijini mkoani Singida, mtambo mdogo wa sola: paneli moja ya wati 100, betri moja ya risasi na tindikali yenye volti 12 na ampea-saa 100, kontrola ya chaji (kifaa kinachosimamia umeme unaoingia na kutoka kwenye betri), inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama ule wa gridi), na televisheni inayokula wati 60. Muuzaji alikuwa mkarimu. Alipoona mjomba amekunja uso mbele ya namba zile, aliziweka kando na kusema: "Mzee wangu, usisumbuke. Betri ni kama simtanki. Paneli ni bomba linalojaza mchana, televisheni ni bomba linalotoa usiku. Tangi hili ni la lita 1,200, na televisheni inakunywa lita 60 kwa saa. Hesabu mwenyewe." Mjomba alihesabu, akapata saa 20, akatabasamu.

Baada ya miezi minane betri ilikuwa haishiki chaji. Mjomba alikuwa akiitumia kila usiku mpaka inveta ipige kelele na kuzima. Kontrola ilipoanza kumkatia umeme mapema, alimwita kijana wa jirani akaiunga inveta moja kwa moja kwenye betri, kwa kuwa aliona kontrola inamnyima maji yaliyobaki chini ya tangi. Nilipomuuliza kwa nini aliimaliza kila siku, alinijibu kwa utulivu: "Mpwa wangu, tangi hununuliwa ili limalizwe." Kisha akaniomba nimletee betri ya pili aiweke pembeni ya ile ya kwanza, kama anavyoongeza simtanki maji yasipotosha. Nami, kwa ujinga uleule, nikaipeleka. Betri hiyo mpya nayo haikufikisha mwaka.

Nimeirudia habari hii mara nyingi kichwani kwa sababu sioni mwongo ndani yake. Volti 12 zikizidishwa kwa ampea-saa 100 zinatoa wati-saa 1,200, yaani jumla ya umeme ulioandikwa kwenye betri, na 1,200 ikigawanywa kwa 60 inatoa 20. Mfano wa maji hutumika hata madarasani. Mjomba naye si mtu wa kudharauliwa: amechimba visima, ameunganisha mabomba, na anajua tabia za tangi kuliko mimi na muuzaji tukijumlishwa. Nadhani hilo ndilo lililomponza. Maelezo mepesi hukata sehemu ya ukweli ili yaingie kichwani, lakini hayaachi alama pale yalipokata, na anayeifahamu vizuri taswira aliyopewa huendelea mbele kwa mantiki isiyo na dosari, akapapita mahali hapo bila kujua. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kupatafuta kabla ya kutoa fedha au kufunga waya. Nitatumia betri ya mjomba kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndiyo niliyoilipia, ingawa hatua zenyewe zinafaa pia kwa maelezo ya mkopo, ya dawa au ya simu.

Hatua ya 1: Andika uamuzi unaotaka kuufanya

Maelezo yaleyale yanaweza kutosha kwa jambo moja na kuleta hasara kwa jingine. Anayetaka tu kufahamu kwa nini taa ya sola huwaka ilhali jua limezama, mfano wa tangi unamtosha kabisa, na kumwongezea kemia ni kumchosha bure. Anayetaka kuamua anunue betri ya ukubwa gani, azime televisheni saa ngapi, au aiunge betri mpya na ya zamani, anahitaji maelezo ya aina nyingine hata kama yataanza kwa maneno yaleyale. Kwa hiyo, kabla ya kusoma, chukua karatasi uandike sentensi moja inayoanza na "Nataka kuamua". Mjomba angeandika kwamba anataka kuamua aangalie televisheni mpaka saa ngapi, na hapo tungeona kwamba mfano uliotolewa kueleza betri ni kitu gani ulikuwa umegeuzwa, kimyakimya, kuwa kipimo cha matumizi ya kila usiku.

Hatua ya 2: Tenga kilichosemwa na ulichojiongezea

Soma maelezo mara moja, yafunike, kisha yaandike upya kwa maneno yako kana kwamba unamwelekeza mtu atakayeitumia betri hiyo usiku huohuo. Andika kila unachoamini, hata kile kinachoonekana wazi mno kustahili wino. Ukimaliza, rudi kwenye maelezo ya awali na upigie mstari kila sentensi yako isiyopatikana humo. Zoezi hili huchukua robo saa na linaudhi, kwa sababu sentensi zenye mstari huwa nyingi kuliko ulivyotarajia. "Naweza kuitumia mpaka iishe": muuzaji hakusema. "Nikiiacha tupu haidhuriki": hakusema. "Mbili ni bora kuliko moja": hakusema. Yote matatu tuliyasema sisi, mimi na mjomba, kwa niaba yake.

Udhaifu huu umechunguzwa. Mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha utafiti ambamo watu walijipa alama za uelewa wao wa vitu vya kila siku, kama vile zipu na choo cha kuvuta maji, kisha wakatakiwa kueleza hatua kwa hatua jinsi vitu hivyo vinavyofanya kazi. Baada ya kujaribu kueleza, walijishushia alama. Mwaka 2012 Lisa Scharrer, Rainer Bromme na wenzao walionyesha jambo linalotuhusu kwa karibu zaidi: wasomaji wasio wataalamu, walipopewa maandishi mepesi kuhusu madai ya kitabibu, waliyakubali zaidi na kuutegemea zaidi uamuzi wao wenyewe kuliko walipopewa maandishi magumu. Mimi hulielewa hivi: msomaji hupima wepesi wa maandishi akadhani amepima wepesi wa jambo. Maandishi magumu, kwa kero zake zote, angalau humwambia aende akaulize.

Hatua ya 3: Ukamue mfano mpaka uvuje

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa, na ndiyo ingeokoa betri mbili. Chukua taswira uliyopewa na ujiulize: mwenye kitu hiki anaweza kukifanyia nini bila madhara? Majibu kuhusu tangi huja yenyewe, na kila jibu ni dai kuhusu betri linalopaswa kuthibitishwa peke yake.

Tangi linaweza kukaushwa hadi tone la mwisho. Betri ya risasi haiwezi, na sababu ni kwamba hakuna umeme uliomiminwa ndani yake. Kuna mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi yaliyozama katika tindikali ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Betri inapotoa umeme, mabamba ya aina zote mbili hugeuka taratibu kuwa salfeti ya risasi na tindikali hupungua ukali; inapochajiwa, mabadiliko hayo hurudi nyuma. Ikishushwa kupita kiasi, na hasa ikiachwa katika hali hiyo kwa siku kadhaa, salfeti hugeuka fuwele ngumu zisizorudi tena kirahisi, na sehemu ya bamba iliyofunikwa na fuwele hizo huwa imekufa. Ndiyo maana mafundi wazoefu hupanga kutumia karibu nusu tu ya kilichoandikwa kwenye betri. Kwa lugha ya muuzaji wetu, tangi lilikuwa na lita 1,200 kweli, ila lita 600 za chini zilikuwa sehemu ya ukuta wa tangi.

Tangi hutoa maji yaleyale ufungue bomba kidogo au ulifungue lote. Hapa mfano unavuja kwa namna isiyoonekana kwa macho. Kwenye betri nyingi, pembeni ya ampea-saa 100, kuna maandishi madogo yanayosema kwamba kipimo hicho ni cha saa 20, maana yake betri ilipimwa ikitoa ampea 5 tu kwa saa 20. Ukiivuta kwa nguvu zaidi, jumla ya unachopata hupungua; Mjerumani Wilhelm Peukert aliuandikia uhusiano huo kanuni mwaka 1897, nayo hutumika hadi leo. Pasi ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80 kutoka kwenye betri ya volti 12. Anayehesabu kwamba ampea-saa 100 zitamnyooshea nguo kwa zaidi ya saa nzima atashangaa inveta inapozima mapema mno.

Tangi hujaa kwa kasi ileile tangu chini hadi mdomoni. Betri ya risasi hupokea haraka mpaka karibu asilimia 80, kisha hupokea polepole, na sehemu ya tano ya mwisho inaweza kula saa kadhaa za jua. Matokeo yake ni kwamba betri inayotumiwa sana usiku na kuchajiwa kwa siku fupi za mawingu inaweza kukaa majuma bila kujaa hata mara moja, huku mwenyewe akiona kila siku "inachaji". Fuwele zile za salfeti hazibagui: zinaota kwa betri iliyokaushwa, na zinaota pia kwa ile isiyojazwa.

Tangi tupu likikaa miezi mitatu stoo, utalikuta kama ulivyoliacha, pengine na mjusi ndani. Betri hujipunguza chaji yenyewe hata bila kuunganishwa na kitu, kwa hiyo ukiiweka ikiwa nusu utaikuta chini ya nusu, na joto la chumba chenye paa la bati huyaharakisha yote hayo.

Matangi mawili yakiunganishwa kwa bomba chini, maji husimama kimo kimoja na kazi imekwisha. Betri mpya ikiungwa sambamba na kuukuu, kuukuu huivuta mpya: inavuja chaji ndani kwa ndani, inaifanya kontrola isome hali isiyo ya kweli, na kuiacha mpya ikibeba mzigo wa mbili. Hivyo ndivyo nilivyoiua betri ya pili, kwa fedha zangu na kwa mkono wangu.

Mwisho, tangi ni tangi; la bluu au jeusi, linashika maji. Betri ya gari na betri ya sola zinaweza kuwa na ukubwa mmoja, uzito wa karibu na namba ileile ya ampea-saa, lakini ya gari ina mabamba membamba yaliyokusudiwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini na kujazwa upya papo hapo, ilhali ya sola ina mabamba manene ya kuvumilia kushushwa na kupandishwa kila siku. Betri za lithiamu zenye fosfati ya chuma, ambazo sasa zinapatikana madukani kwa wingi, huruhusu kutumia asilimia 80 au zaidi na huwa na saketi ya kuzilinda ndani yake. Kwa betri hizo uvujaji wa mfano wa tangi ni mdogo kuliko kwa betri ya risasi, jambo linaloonyesha kwamba mfano uleule unaweza kuwa salama kwa bidhaa moja na hatari kwa jirani yake kwenye rafu.

Hatua ya 4: Uliza kila namba ilipimiwa wapi

Namba iliyotolewa bila masharti yake ni maelezo mepesi kuliko yote, kwa kuwa haina hata neno la kutiliwa shaka. Geuza paneli na usome kibandiko cha nyuma. Wati 100 zimepimwa maabara, chini ya mwanga wa wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, seli zikiwa na nyuzijoto 25 za Selsiasi. Juu ya bati la mjomba, saa 7 mchana, seli hufika nyuzi 60 bila shida, na paneli za kawaida hupoteza kama asilimia 0.4 ya uwezo kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Zidisha 0.4 kwa nyuzi 35 zilizozidi, utapata upungufu wa asilimia 14 kabla hata vumbi la kiangazi halijatua.

Sasa fuata umeme wa siku moja hatua kwa hatua, kama unavyofuata gunia la mahindi kutoka shambani hadi mashineni ukihesabu kinachomwagika njiani. Mafundi hukusanya jua hafifu la asubuhi, kali la mchana na la jioni na kulihesabu kama saa kadhaa za jua kamili. Chukua saa 5 kwa siku njema. Wati 100 kwa saa 5 ni wati-saa 500. Ukiondoa asilimia 14 za joto zinabaki 430. Vumbi, waya mwembamba na kontrola vikichukua asilimia 10, zinabaki 387, na kontrola ya bei rahisi inaweza kuchukua zaidi. Betri ya risasi hairudishi yote inayopewa; ikirudisha asilimia 80 zinabaki kama 310. Inveta ikila asilimia 10, televisheni inafikiwa na wati-saa 279. Gawanya kwa 60. Jibu ni saa 4 na dakika 39, kwa siku yenye jua, bila taa wala kuchaji simu.

Dukani tulipata saa 20. Kinachonikera zaidi katika tofauti hiyo ni mahali ilipotoka. Hata tungeamua kutumia nusu tu ya betri, nusu hiyo ina wati-saa 600, mara mbili ya zile zinazoweza kurudishwa na paneli ile kila siku. Kilichokuwa kidogo ni bomba la kujazia, lakini mfano wa tangi ulikuwa umeyaelekeza macho yetu sote kwenye ukubwa wa tangi, na tulipoona upungufu tukanunua tangi la pili badala ya paneli ya pili. Mfano huamua utazame wapi, hata pale ambapo kila neno lake ni sahihi.

Kwa hiyo kila unapokutana na namba, uliza mambo matatu: ilipimwa katika hali gani, kwangu hali hiyo ikoje, na baina ya namba hii na matumizi yangu kuna vituo vingapi vya kupotezea. Usipopata jibu la swali la kwanza, usiitumie namba hiyo katika hesabu ya fedha.

Hatua ya 5: Chunga maneno yanayobeba mizigo miwili

Kiswahili chetu cha mtaani kinaupa umeme majina machache sana. Tunasema betri haina moto, umeme ni mdogo, inveta haina nguvu, na kila moja ya kauli hizo inaweza kumaanisha volti zimeshuka, ampea hazitoshi, wati zimezidi uwezo, au wati-saa zimekwisha. Fundi na mteja wanaweza kuzungumza nusu saa, wakaafikiana kabisa, kila mmoja akiwa na maana yake. Neno "imejaa" ndilo baya kuliko yote. Taa ya kijani ya kontrola inasema volti zimefika kiwango fulani. Na volti zikipimwa mara tu baada ya kuchaji husomeka juu kuliko hali halisi, mpaka betri ipumzike saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa. Betri ya risasi iliyopumzika na kujaa kweli huonyesha karibu volti 12.7, na iliyofika nusu huonyesha kama 12.1 au 12.2. Tofauti ya kujaa na nusu ni nusu volti tu, na jicho lililozoea kimo cha maji haliwezi kuitarajia.

Dawa yake ni kulibadilisha neno kwa kipimo. Ukisoma au kuambiwa "nguvu", uliza ni wati au ni wati-saa, yaani ni kasi ya kutumia au ni jumla iliyotumika. Asiyeweza kulijibu swali hilo hajui bado anachokieleza, na hakuna aibu kwa upande wowote kulisema wazi.

Hatua ya 6: Tafuta mfano wa pili usiofanana na wa kwanza

Mwaka 1983 Dedre Gentner na Donald Gentner walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi waliokuwa wakiufikiria umeme kwa mifano tofauti. Waliouona kama maji yanayotiririka walifanya vizuri zaidi katika maswali ya kuunganisha betri, na waliouona kama umati wa watu wanaopita kwenye malango walifanya vizuri zaidi katika maswali ya vipinga umeme. Wote walikuwa wakijibu kuhusu umeme uleule. Kila mfano una upande unaoumulika na upande unaouacha gizani, na njia rahisi ya kuona giza la mfano wa kwanza ni kuwasha wa pili.

Kwa betri ya risasi, mfano ninaoupenda ni maksai wa kulimia. Maksai hafanyishwi kazi mpaka aanguke. Unamfungua angali ana nguvu. Ukimpa jembe zito anachoka kabla ya wakati, hata kama ekari alizolima ni chache. Hawezi kula majani yote kwa dakika kumi, na akilala nusu njaa mwezi mzima hutamrudisha kwa mlo mmoja. Ukimfunga nira moja na aliyezeeka, kijana ndiye anayeumia. Ng'ombe wa maziwa na maksai wana umbo moja, lakini hakuna mkulima anayewachanganya. Karibu uvujaji wote tuliouona katika hatua ya 3, ambao tangi liliuficha, maksai anausema bila kuulizwa.

Naye pia huvuja, na ni lazima nipaonyeshe. Maksai akipumzika bila kula bado anarudisha nguvu kidogo; betri iliyokwisha chaji ikipumzika huonyesha volti zimepanda kidogo, lakini hakuna kilichoongezeka, na anayeiwasha tena kwa matumaini hayo anaidhuru. Maksai hasemi chochote kuhusu hesabu; saa 4 na dakika 39 huwezi kuzipata kwake, na kwa kazi hiyo tangi bado ni bora. Weka mifano yote miwili mezani, na pale inapopingana ndipo pa kuuliza.

Hatua ya 7: Muulize mtaalamu swali linalofungua palipofungwa

Swali la "Je, ni kweli?" halisaidii, kwa sababu maelezo mepesi karibu kila mara ni kweli. Uliza badala yake: "Ni lini maelezo haya hayafai? Watu wakiyafuata, hukosea wapi? Wewe mwenyewe betri zinazorudishwa kwako zimekufa kwa nini?" Swali la mwisho lina faida ya pekee kwa fundi wa mtaani, ambaye huenda hajui kanuni ya Peukert lakini ameona betri nyingi zilizovimba kuliko profesa yeyote. Mpe nafasi aeleze, usimkatize, na uandike. Kisha linganisha na karatasi ya mtengenezaji, na panapotofautiana mwonyeshe karatasi hiyo kwa heshima. Akikasirika kwa sababu tu umeuliza, nunua kwingine.

Hatua ya 8: Ukiwa wewe ndiye mwelezaji

Siku moja itakubidi umweleze mwingine, na hapo utagundua kwamba muuzaji wetu hakuwa na kazi rahisi. Usiutupe mfano, bila mfano mjomba angeondoka dukani na namba asizozijua. Useme mfano, na pumzi hiyohiyo useme unapokoma na kinachotokea mtu akipita hapo: "Betri ni kama tangi, ila nusu ya chini haiguswi, ukiigusa betri inakufa." Sentensi hiyo imeongezeka maneno machache tu. Katazo linaloweza kuleta hasara litangulie, na maarifa yanayofurahisha yafuate. Usitoe namba isiyo na hali yake. "Saa 4 na nusu kama jua lilikuwa zuri, na kama ni masika kata nusu" ni namba yenye miguu.

Usiulize "Umeelewa?" Kwetu, mtu mzima akiulizwa hivyo na mdogo wake hujibu ndiyo kwa ajili ya amani, na mdogo akiulizwa na mkubwa hujibu ndiyo kwa ajili ya heshima. Mpe tukio, umwache aamue.

Nilipopeleka mtambo mpya, safari hii ukiwa na paneli mbili na betri moja, nilikaa na mjomba chini ya mwembe tukaandika karatasi ya kubandika juu ya kontrola. Nilimweleza habari za maksai, akacheka na kunisahihisha mambo mawili kuhusu nira. Kisha nikamuuliza: "Mjomba, ni saa 4 usiku, taa ya kontrola imegeuka nyekundu, mpira uko dakika ya 80 na timu yako inaongoza kwa bao moja. Utafanya nini?"

Alifikiri kidogo. "Nitazima. Jirani atanipa matokeo asubuhi." Akaitazama karatasi, akaongeza: "Lakini ile redio yangu ya jikoni nimeiunga kwenye betri yenyewe, haipiti kwenye kontrola. Inalia mchana kutwa. Nayo inahesabiwa?"

Sikuwa nimeiwaza kabisa. Tulichukua kalamu tukaiongeza.